Nafasi Iliyoko Kati ya Mkono na Tairi

Pikipiki kubwa inayoshtuka ukiifungulia eksileta, Mombasa itakuumbua nayo. Barabara kuu, kilomita 100 kwa saa, injini imechangamka na gia ya juu imeingia, hulijui tatizo. Lipeleke dude hilo Buxton saa kumi na moja jioni, foleni ya kuvuka daraja la Nyali imeshaganda, tuktuk mbele, matatu ubavuni, gia ya kwanza, mara unafungua mara unafunga. Ukiongeza chembe tu, inaruka. Ukipunguza, inainamisha pua. Uliyempakia nyuma helmeti yake inakugonga kisogoni, na haipiti muda anaanza kukukaza mabega. Hakuamini tena.

Hilo la mwisho ndilo linaloniuma. Pikipiki ya safari ndefu imeundwa kwa ajili ya watu wawili na mizigo yao. Ikimchosha abiria kabla haijafika Mazeras, nje kidogo tu ya mji, haijafanya kazi yake, hata iwe na nguvu kiasi gani.

Msimamo wangu juu ya jambo hili ni mmoja. Mshtuko mwingi wa eksileta si kosa la injini. Unatokana na nafasi ndogondogo zilizolegea njiani, kuanzia kiganja chako hadi tairi la nyuma. Kebo ina nafasi yake, gia zina zake, cheni ina yake, raba za ndani ya habu, kitovu cha gurudumu la nyuma, zina zake. Eksileta ikiwa imefungwa, tairi ndilo linaloisukuma injini. Ukiifungua, injini inaanza kulisukuma tairi, na mvutano unageuka. Nafasi zote hizo zinajaa moja baada ya nyingine, kama mabehewa ya treni ya mizigo yanavyovutana kichwa kinapoondoka Changamwe, na kishindo cha mwisho ndicho unachokisikia kiunoni. Kwa hiyo kabla hujanunua kisanduku cha umeme cha kuidanganya kompyuta ya injini, punguza nafasi. Ni kazi ya spana, rula na subira, na sehemu kubwa yake unaifanya mwenyewe uani.

Yangu ni Suzuki V-Strom 650, ya cheni, niliyoinunua ikiwa imeshatumika. Silinda zake mbili zimekaa kwa umbo la V la nyuzi 90, na injini ya namna hiyo haipigi moto kwa vipindi vilivyo sawa. Kati ya mpigo na mpigo kuna nyuzi 270 za mzunguko, kisha 450, kisha 270 tena. Ikizunguka upesi husikii tofauti. Ikishushwa chini ya mizunguko 2500 hivi kwa dakika ukiwa na gia ndefu, cheni inapigwa vibao, na hapo hata pikipiki nzima kabisa itatetemeka. Hilo ni umbile lake. Kutengeneza unatengeneza kile kinachozidi hapo.

Anza mkononi. Eksileta ya kebo lazima iwe na mchezo kidogo kabla haijaanza kuvuta. Vitabu vingi vya pikipiki za aina hii vinataka milimita 2 hadi 4, zikipimwa ukingoni mwa gripi. Mchezo ukifika 8 au 10, mkono unazunguka bure, kisha unaikuta kebo ghafla, na kwa kuwa mkono wenyewe tayari uko mwendoni, unapitiliza pale ulipotaka kusimama. Ulikusudia chembe, umepata konzi.

Milimita hizo zina uzito kwa sababu ya kisahani kilichomo ndani ya koo la hewa la injini. Kikiwa kimefungwa, hewa inayopita ni ile ya kuizuia injini isizimike, basi. Kikifunguka kwa nyuzi chache tu, hewa inaongezeka maradufu na zaidi. Nyuzi hizohizo ukiziongeza kisahani kikiwa nusu wazi, huenda usisikie kitu. Kwa hiyo eneo lote la ugomvi liko pale mwanzo kabisa wa mzunguko wa mkono, na ndipo tunapoishi sisi wa mjini, baina ya tuta na tuta.

Pikipiki nyingi zina kebo mbili, ya kufungulia na ya kufungia. Legeza ya kufungia kwanza, uiweke sawa ya kufungulia, ndipo uirudie ile nyingine. Ukimaliza, washa injini, iache ingurume, kisha zungusha usukani kushoto mpaka mwisho na kulia mpaka mwisho. Sauti ikipanda hata kidogo, kebo inavutwa mahali, na siku ya kukata kona kali pikipiki itaongeza mwendo bila wewe kuiambia. Usiondoke hapo mpaka sauti itulie pande zote mbili.

Pwani kuna adui wa ziada: chumvi. Pikipiki inayolala nje Nyali au Likoni, upepo wa bahari unaipitia usiku kucha, na kebo inaota kutu ndani ya ala yake ambako jicho halifiki. Kebo yenye kutu inakataa kidogo, halafu inaachia. Unaongeza nguvu mkononi ili ishinde ule ukaidi, na ikiachia inaruka mbele kuliko ulivyotaka. Ukiichomoa kebo upande mmoja na kuivuta kwa vidole, utausikia huo ukwaruzo wazi kabisa. Wakati mwingine mafuta mepesi yanayodondoshwa taratibu kutoka juu mpaka yatokee chini yanatosha. Yasipotosha, nunua kebo mpya. Kebo iliyoanza kukatika nyuzi haina tiba, na ni ghali zaidi ikikukatikia Maungu usiku kuliko ukiibadilisha leo.

Kutoka kwenye kebo, nenda kwenye cheni, na hapa ndipo ningependa mtu akae muda mrefu kuliko mahali pengine popote.

Rafiki yangu mmoja aliiondoa pikipiki yake Nyali kuipeleka kwa fundi Majengo, mzee wa siku nyingi wa kazi hii, akitaka afungiwe kisanduku cha kuongeza petroli. Nilikuwapo. Alipomaliza kueleza, yule mzee hakuigusa injini. Aliisimamisha pikipiki kwa stendi ya katikati, akachuchumaa, akaikamata cheni katikati ya upande wa chini akaipandisha na kuishusha kwa kidole.

“Mwanangu, wataka kuifungua kompyuta, na cheni hujaitazama?”

“Ami, cheni ilikazwa wiki iliyopita.”

“Ilikazwa hapa,” mzee akasema, akaweka alama ya chaki kwenye pingili. Akalizungusha gurudumu robo mzunguko, akapima tena kwa rula, akaweka alama nyingine. “Na hapa je?”

Mahali pa kwanza palicheza milimita 20 na ushei. Pa pili palicheza zaidi ya 40. Cheni ile ile, dakika ile ile. Haikuchakaa sawasawa: pingili nyingine zilikuwa zimevutika, nyingine zimekaukiwa na grisi na kukakamaa zikakataa hata kukunjika. Cheni ya namna hiyo hata uikaze vipi, mahali fulani italegea na mahali pengine itabana, na eksileta itakushtukia kila cheni ikifika pale palipolegea. Rafiki yangu aliondoka bila kisanduku, akiwa na cheni mpya na sproketi zake mbili, zile gurudumu za meno zinazobeba cheni, na tangu siku hiyo sijamsikia akilalamika.

Kwa V-Strom yangu kitabu kinataka mchezo wa milimita 20 hadi 30. Pikipiki ambazo gurudumu la nyuma hupanda na kushuka sana zinataka zaidi, kwa hiyo soma cha kwako. Pima mahali pengi, na uweke kipimo kwa kufuata pale palipobana kuliko pote. Kaa juu yake, au mwombe mtu akae, uone kama cheni bado ina mchezo, maana gurudumu linavyopanda ndivyo cheni inavyokazika. Kuna watu wanaokaza cheni mpaka inalia wakidhani ndiyo dawa ya mshtuko. Mshtuko utapungua kweli, lakini beringi ya shafti inayotoka kwenye giaboksi italipa, na kuifikia beringi hiyo ni kuipasua injini nzima. Kulegea kidogo ni heri kuliko kukaza kupita kiasi.

Cheni iliyokwisha inajulikana kwa urahisi. Ishike nyuma kabisa ya sproketi kubwa, uivute kuja kwako. Ikiachana na meno kiasi cha kuona nusu ya jino, imekwisha. Meno yaliyopinda upande mmoja nayo ni hukumu. Badilisha vyote vitatu pamoja. Sproketi kuukuu huila cheni mpya upesi sana.

Watu wengi hufika kwenye cheni wakaridhika, wakaliacha jambo moja ambalo kwa pikipiki iliyotembea sana ndilo lenye lawama kubwa: raba za ndani ya habu ya nyuma. Sproketi kubwa haikufungwa moja kwa moja kwenye gurudumu. Imekaa kwenye kibebeo chenye mbawa, na kila ubawa umeketi kati ya vipande vya raba vilivyomo habuni. Kazi yake ni kumeza kishindo. Zikiwa mpya, kibebeo kinaingia kwa kusukumwa na kiganja, tena kwa nguvu. Zikizeeka zinakauka na kusinyaa, kibebeo kinaingia chenyewe, na kati ya ubawa na raba kunabaki nafasi. Joto la Mombasa halizisaidii.

Kuzipima hakuhitaji kufungua kitu. Inua gurudumu la nyuma, zima injini, ingiza gia ya kwanza, kisha lisukume gurudumu mbele na nyuma kwa mikono miwili huku ukiitazama sproketi. Gurudumu likienda kabla sproketi haijaanza kuvuta, tena likagonga kwa sauti kavu, umempata mwizi. Raba mpya za pikipiki hizi kwa kawaida huagizwa, na kungoja ni kungoja. Wakati huo kuna njia ya uani ambayo waendeshaji wa kila mahali wanaitumia: vipande vya tyubu kuukuu, vilivyokatwa upana wa raba na kupachikwa kati ya raba na ubawa mpaka kibebeo kiingie kwa kusukumwa. Niliifanya kwenye yangu. Nilikata tyubu kwa mkasi wa jikoni, nikapanga safu moja kila upande, nikarudisha gurudumu, na tuta la kwanza nililolipanda nikisikilizia mkono lilikuja bila kishindo. Raba mpya zilipofika niliziweka, lakini tyubu ilikuwa imeshathibitisha ugonjwa uko wapi.

Sasa petroli. Ukishaondoa nafasi zote hizo na bado pikipiki inashtuka, sehemu iliyobaki ni ya injini, na yafaa kuielewa.

Pikipiki za injekta zina tabia ya kukata petroli kabisa ukiifunga eksileta huku injini bado inazunguka kwa kasi. Inaokoa mafuta na kupunguza moshi. Lakini muda huo kuta za njia ya hewa, ambazo kwa kawaida zina utando mwembamba wa petroli, zinakauka. Ukifungua tena, sehemu ya petroli ya kwanza inabaki ukutani badala ya kuingia silindani, kwa hiyo kuna upungufu wa kitambo kidogo, kisha moto unakuja wote kwa pamoja. Upungufu, halafu pigo. Juu ya hapo, pikipiki zenye sensa ya oksijeni kwenye eksozi zinaulenga uwiano wa gramu 14.7 za hewa kwa gramu moja ya petroli, kwa sababu kifaa cha kusafisha moshi kinafanya kazi vizuri hapo. Injini yenyewe ingependa petroli zaidi ya hiyo kidogo. Sheria za Ulaya za moshi zilivyozidi kubana, Euro 4 mwaka 2016 na Euro 5 mwaka 2020, ndivyo pikipiki nyingi zilivyozidi kuwa kavu pale mwanzo wa eksileta. Siwalaumu waliotunga sheria hizo. Anayesimama Mwembe Tayari kwenye mataa, pua usawa wa eksozi ya lori, anajua hewa safi ni kitu gani.

Wenye kabureta wana jambo lao, na ni la kwetu hasa. Baadhi ya pikipiki zinazouzwa Mombasa zimetoka Nairobi, na Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, ambako kanieneo ya hewa ni pungufu kwa karibu asilimia 18. Fundi wa huko aliyepunguza jeti, kile kijitundu cha kupitishia petroli, ili injini isijae petroli alifanya sawa kwa Nairobi. Ukiiteremsha pikipiki hiyo hadi ufukweni, hewa ni nzito, petroli ni ile ile kidogo, na ukifungua eksileta injini inasita kisha inaruka. Rudisha jeti za kiwandani kabla hujahangaika na lingine lolote. Za injekta haziathiriki hivyo kwa sababu zina sensa inayosoma kanieneo ya hewa na kujirekebisha.

Kwa injini ya silinda mbili au zaidi, angalia kama makoo ya hewa yanafunguka sawasawa. Moja likitangulia, silinda moja inavuta na nyingine inavutwa, na mwanzo wa eksileta unakuwa na makunyanzi. Vipo vipimo vya dukani, lakini mpira mrefu wa plastiki unaoonyesha ndani, ule wa kupimia usawa wa kuta unaouzwa maduka ya vifaa vya ujenzi, unatosha. Mafuta ya injini kiasi yanawekwa katikati, mpira unafungwa kwenye ubao kwa umbo la U, ncha moja kwa kila koo. Mafuta yatapanda upande unaovuta zaidi. Tumia mpira mrefu sana, weka kizibo chenye tundu dogo kila ncha ili mafuta yasirukeruke, na mkono uwe kwenye swichi ya kuzimia, maana tofauti ikiwa kubwa injini inaweza kuyanywa mafuta yote.

Kisha mkono wenyewe. Mashine ikiwa sawa, mtu bado anaweza kuishtua.

Tazama waendeshaji wa bodaboda walio wazuri pale Kongowea, wamebeba magunia ya viazi na bado tairi halitetemeki. Viwiko vyao vimelegea. Mkono ulionyooka na kukakamaa unapeleka kila shimo la barabara moja kwa moja kwenye eksileta: pikipiki inaruka, mwili unarudi nyuma, mkono unazunguka, injini inaongeza, mwili unarudi tena, na mtetemo unajilisha wenyewe. Legeza viwiko, bana tangi kwa magoti, na egemeza kidole gumba kwenye sanduku la swichi ili kiganja kiwe na mahali pa kupimia. Kwenye foleni inayosogea, gia ya pili na klachi iliyoshikwa nusu ni bora kuliko gia ya kwanza iliyoachiwa. Klachi za pikipiki hizi zimelowa mafuta, zinastahimili kutelezeshwa kidogo. Na breki ya nyuma ikiguswa kwa mguu huku eksileta ikiwa wazi chembe, cheni inabaki imevutika upande mmoja. Nafasi haipati mwanya wa kufunguka na kufunga.

Mbinu hiyo ya breki naitumia zaidi kwenye mteremko wa kivuko cha Likoni. Chuma cha kupandia kimelowa maji ya bahari, watu wanatembea pande zote, na hapo mruko wa nusu mita tu ni mguu wa mtu. Naitumia tena kupanda kutoka Mwatate kwenda Wundanyi, kona zile zinazojikunja hadi unaona ulikotoka chini ya goti lako. Ukifunga eksileta kabisa ukiingia kona, petroli inakatwa, na ukiifungua katikati pikipiki ikiwa imelala, pigo linakuja wakati mbaya kuliko wote. Punguza mwendo mapema, ingia ukiwa tayari umeifungua kwa unywele, na usiifunge mpaka utoke. Abiria wangu anajua tofauti bila kuambiwa. Kule juu hunyoosha mkono akanionyesha mashamba, na mtu anayeogopa haachii mshiko.

Wenye pikipiki zisizo na kebo, ambazo mkono unaongea na kompyuta tu, wana kazi fupi. Yamaha FJR1300, kwa mfano, iligeuzwa hivyo mwaka 2013. Wenye zile za kabla yake wengi walibadilisha bomba la gripi na kuweka lenye mwanzo mwembamba, ili mzunguko ule ule wa mkono uvute kebo pungufu kuliko awali, na linasaidia kweli. Nyingi za kompyuta zina hali ya mvua, mpangilio unaoilainisha eksileta, na hakuna aibu kuitumia mjini kiangazi. Yenye shafti badala ya cheni haina cha kukazwa, kwa hiyo mguu wa breki na klachi ndivyo vinavyobeba kazi.

Na kisanduku? Kina nafasi yake. Kikiwekwa kwenye pikipiki ambayo kebo, cheni, raba na makoo ya hewa vyote viko sawa, kikaongeza petroli kidogo pale mwanzo wa eksileta peke yake, kinaondoa ule ukavu ulioachwa na kiwanda. Mwambie fundi asiguse sehemu za juu. Huko pikipiki ilikuwa sawa tangu mwanzo, na petroli ya ziada huko ni moshi na pesa. Tena angalia plagi za nyaya zake zimejazwa grisi ya umeme kabla hazijafungwa chini ya kiti, la sivyo chumvi itazifikia nazo.